Mahindi ya Kentucky, Chai ya Nyamira

Kwetu Nyamira pombe kali ilipimwa kwa kiberiti. Muuzaji alimimina matone machache kwenye kijiko, akawasha njiti, na wanunuzi wakainama kutazama. Mwali ukishika na kusimama buluu, mali imekubalika. Ukisitasita ukazima, umeuziwa maji na hakuna wa kukurudishia pesa. Kipimo hiki si chetu peke yetu. Waingereza wa zamani walilowesha baruti kwa pombe kisha wakaiwasha, na ikikubali kuwaka pombe hiyo ilihesabiwa kuwa kali. Namba inayoandikwa hadi leo kwenye chupa za Kimarekani ni mjukuu wa mchezo huo, nayo huwa ni maradufu ya asilimia ya kilevi: ukiona 90, jua ni asilimia 45.

Moto husema nguvu. Hausemi usalama, kwa kuwa methanoli nayo huwaka vizuri tu, na ni methanoli iliyoua zaidi ya watu 100 huko Mukuru kwa Njenga na mitaa mingine ya Nairobi mnamo Novemba 2000. Wala hausemi ladha. Utotoni mwangu sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema pombe fulani ni tamu au ina harufu nzuri. Walisema inashika, au haishiki. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nilipoketi kwa mara ya kwanza na glasi ya pombe kali nikaulizwa inanukia nini, na swali lenyewe likaniduwaza.

Nieleze kwanza nimetoka wapi, kwa sababu jinsi mtu anavyokunywa hutegemea sana nyumba aliyofichia kunywa kwake. Sisi ni Waadventista. Wamisionari wa Sabato walifika Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya 1910, karibu wakati mmoja na Wakatoliki waliojenga Nyabururu, na tangu hapo Ugusii umegawanyika kati ya wanaosali Jumamosi na wanaosali Jumapili. Katika vileo mgawanyiko huo ni mkubwa kuliko katika jambo lingine lolote. Mwadventista wa kweli hanywi pombe, hanywi kahawa, na yule aliyeshika sana hanywi hata chai, jambo ambalo kwa Nyamira ni kichekesho kidogo, maana mashamba yetu yote ni chai. Tulichuma majani tangu alfajiri, tukayabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, na baadhi ya majirani zetu hawakuwahi kuyaonja. Mama alikuwa mlegevu kwa hilo moja. Alisema Mungu aliyeumba ubaridi wa kwetu Kebirigo anajua kwa nini mtu anahitaji kikombe cha moto. Lakini chupa ya pombe haikupita mlangoni mwake, na haijapita mpaka leo.

Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Magokoro, alibatizwa akiwa na watoto wanne tayari. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa pombe aliyesifika. Siku za risaga, majirani walipokusanyika kulima shamba la mmoja wao, malipo yalikuwa chungu cha pombe jioni, na chungu kibaya kilimaanisha watu wachache msimu ujao. Hakuipika tena baada ya ubatizo, ila hakuona dhambi kuisimulia. Aliloweka unga wa mahindi kwa maji ukakaa siku kadhaa hadi ukachacha na kuanza kunuka ukali. Kisha kinyunga hicho kikakaangwa juu ya bati pana kwa moto wa kuni, kikigeuzwa kwa koleo bila kupumzika, mpaka kikawa chengachenga za rangi ya udongo mwekundu. Hapo, alisema, ndipo mpishi anapojulikana. Ukiondoa mapema pombe inakuwa chachu tupu, ukichelewa inakuwa makaa. Chenga zilirudishwa kwenye maji pamoja na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, na baada ya siku chache mtungi ulianza kuchemka wenyewe bila moto. Hiyo ndiyo busaa. Wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wameketi, wakizungumza hadi giza.

Chang'aa ilikuwa habari nyingine. Unaikuta pombe ileile, au siku hizi maji ya sukari nguru, inachemshwa kwenye pipa la bati, na mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi. Kwa ajili ya maji hayo ilipikwa bondeni, kando ya vijito vinavyopita chini ya mikaratusi. Bonde pia lilificha moshi. Serikali ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria maalumu mwaka 1980, na kwa miaka 30 chifu na askari wake waliwinda mapipa hayo, wakayatoboa, wakamwaga, wakakamata akina mama. Kilichopikwa usiku kilitakiwa kiwe kimeuzwa na kunywewa kabla ya kesho kutwa. Mnywaji naye alikunywa akiwa wima, mkono mmoja ukutani, jicho njiani. Glasi ilikwenda kwa mkupuo, uso ukakunjwa, pesa ikalipwa, mtu akaondoka.

Mimi na rika langu hatukunywa chang'aa. Tulikuwa wasomi, tulikunywa mzinga, yaani chupa ya pombe kali, uliochanganywa na soda katika vyumba vya bweni, lakini mtindo ulikuwa uleule wa bondeni. Soda ilitiwa ili usiisikie pombe, na pombe ikaharakishwa ili iishe kabla mlinzi hajabisha. Nikiwa na mshahara wangu, ndani ya baa halali, sheria ikiniruhusu kukaa hadi saa tano usiku, bado nilikunywa kama mtu anayesikia hatua za chifu.

Chupa iliyonibadilisha ilikuja Desemba, mwezi ambao Wakisii wa ng'ambo hurudi na masanduku mazito. Waliko wengi ni Minnesota, kwenye theluji, wakihudumia wagonjwa na wazee, na mmoja wao ni mtoto wa baba yangu mdogo. Baba mdogo huyo alioa Mkatoliki akahamia Jumapili, kwa hiyo kwake chupa huwekwa mezani bila kufunikwa. Binamu alitoa Maker's Mark, wiski ya bourbon ya Kentucky, ile yenye shingo iliyochovywa nta nyekundu iliyotiririka kama mshumaa. Alitoa pia glasi ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, jambo lililomfanya baba mdogo aulize kama ni za dawa ya kikohozi.

"Tata, usimeze kwanza," binamu alimwambia baba yake. "Nusa."

"Ninuse nini? Pombe haina harufu ya kunuswa, ina harufu ya kukimbiwa."

Lakini alinusa. Baba mdogo alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwa miaka mingi, mtu anayeweza kushika konzi moja ya majani akakwambia yamechumwa jana jioni au leo asubuhi, na pua yake ni ya kazi. Alinyamaza. Akanusa tena, mdomo ukiwa wazi kidogo kama binamu alivyoelekeza, ili ukali upite usimchome. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Hii ni bati la mama."

Na kweli ilikuwa bati la Magokoro. Niliposogeza glasi puani nikapata kwanza sukari iliyoungua, sukari nguru hasa, ile ya chini ya sufuria. Nyuma yake kulikuwa na vanila, na nyuma ya vanila mahindi ya kuchoma, kama yale yanayouzwa kando ya barabara pale Keroka, upande uliogusana na kaa. Nilichukua kiasi cha kulowesha ulimi tu nikakizungusha polepole kana kwamba natafuna. Sekunde za kwanza ni moto mtupu, na mtu aliyezoea kumeza kwa mkupuo huishia hapo. Ukivumilia, mate huanza kuja, moto unashuka, na utamu wa nafaka unapanda kutoka pembeni mwa ulimi. Kilichobaki kooni baada ya kumeza kilikuwa joto la taratibu na ukakasi kidogo wa mbao, kama wa chai iliyokolea.

Siri yake si siri, imeandikwa katika sheria ya Marekani. Ili wiski iitwe bourbon lazima itengenezwe Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, isitoneshwe kupita asilimia 80 ya kilevi, na iingie katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, ikiwa haijazidi asilimia 62.5. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala kiungo, kwa hiyo wekundu wake wote umetoka kwenye mbao. Nafaka zinazobaki kwa kawaida ni rai, inayoleta ukali wa pilipili, na kimea cha shayiri. Maker's Mark huacha rai na kutia ngano, ndiyo maana ni laini. Kimea kile cha shayiri hufanya kazi ileile ya kimea cha wimbi cha Magokoro: hugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari ambayo hamira inaweza kuila. Hata uchachu wa unga wake una ndugu Kentucky, ambako wapishi wengi huhifadhi machicha ya mpiko uliopita na kuyatia katika mpiko mpya ili uwe mkali kiasi na vijidudu vibaya visipate nafasi.

Baba mdogo alisikiliza yote hayo, kisha akauliza, "Mahindi yenyewe ni ya njano?" Binamu akakubali. "Basi ni yale ya 1984." Mwaka ule wa ukame Kenya ililishwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na Wakenya waliokua wakila meupe wameyanung'unikia hadi leo. Baba mdogo alitikisa kichwa. "Walituletea unga wakabakisha haya."

Kuhusu maji. Binamu alidondosha matone machache ya maji kwenye glasi ya pili, na harufu ikafunguka kwa namna ambayo sikuitarajia, moshi ukajitokeza mbele. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walieleza jambo hilo kwa hesabu za kompyuta: kiungo kimoja kinacholeta harufu ya moshi kwenye wiski hujificha katikati ya kilevi pombe ikiwa kali sana, na ukiongeza maji kinasogea juu, karibu na pua. Kwa hiyo yule anayesema mwanamume hatii maji amejinyima nusu ya alichonunua.

Barafu ni jambo jingine, na hapa tulikuwa na majaribio yetu wenyewe. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, ambako mawe laini ya Kisii huchimbwa na kuchongwa viboko, sahani na vinyago, binamu alikuwa ameagiza vibonge vya mraba vilivyosuguliwa kwa msasa hadi vikawa kama sabuni. Ulaya na Marekani vitu hivi huuzwa kwa bei ya kushangaza, vikae kwenye friji kisha vipoze wiski bila kuyeyuka. Vinapoza, ila si sana. Barafu hupoza kwa sababu inayeyuka. Kuyeyuka ndiko kunakonyonya joto, na jiwe haliwezi kazi hiyo. Sikuona hasara, maana baridi kali hufunga harufu. Na kuona jiwe la Tabaka, jeupe lenye mshipa wa waridi, ndani ya pombe ya Kentucky kulimfurahisha baba mdogo kuliko ladha yenyewe.

Kilichonikaa moyoni kuliko yote ni umri. Chupa iliyoandikwa kuwa ni bourbon kamili bila kutaja miaka, sheria inadai iwe imekaa kwenye pipa angalau miaka 4. Kila kiangazi joto la Kentucky huisukuma pombe ndani ya mbao, kila baridi huivuta nje ikiwa imebeba rangi na utamu, na kila mwaka sehemu fulani hupotea hewani. Watengenezaji huiita fungu la malaika. (Baba mdogo, Mkatoliki wa kuhamia, aliomba apangiwe malaika mlinzi kutoka huko.) Lakini swali alilouliza baadaye halikuwa la mzaha. "Miaka minne pipa limekaa mahali pamoja, limejaa, na hakuna aliyelitoboa?"

Hapo ndipo nilipoona tofauti iliyopo kati ya bonde letu na bonde lao, na si tofauti ya ufundi. Wamarekani wenyewe wana chang'aa yao, wiski ya mahindi isiyo na rangi, iliyopikwa usiku milimani na kunywewa kabla haijapoa, hasa katika miaka ya 1920 hadi 1933 pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima. Mahindi yaleyale, hata wapishi wengine walewale. Kinachokosekana ni pipa la mbao, na pipa hilo linahitaji mtu asiye na haraka. Pombe inayofichwa haiwezi kuzeeka. Haipati ghala, haipati jina, haipati mtu wa kuirithi. Marufuku ya 1980 haikumaliza chang'aa Ugusii. Iliizuia isiwe kitu kingine zaidi ya chang'aa, na ikawafundisha wanywaji kwamba kasi ni sehemu ya kunywa.

Majirani zetu walijaribu njia nyingine. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, iliweka utaratibu wa leseni kwa wapishi wa enguli, wakauza kwa kiwanda, kiwanda kikaitonesha upya na kuifunga kwenye chupa kama Uganda Waragi. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake na enguli ya vichochoroni haikwisha, ila jina lilipatikana, na mtu wa Kampala huliagiza bila kuinamisha uso. Tanzania ina Konyagi yake ya miwa. Kenya ilifika hapo mwaka 2010, pale Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilipofuta marufuku ya chang'aa na kuruhusu ipikwe kwa leseni na kufungwa vizuri. Lakini mama wa bondeni hana mtaji wa chupa, maabara wala leseni. Bado anapika usiku. Na nisieleweke vibaya: nimezika jamaa wa rika langu ambao ini lilikataa, na simwambii mtu aanze kunywa. Nazungumzia wale ambao tayari wanakunywa, na namna wanavyokunywa.

Tena tusidhani wiski ya Marekani ni kazi ya watu weupe peke yao. Mtu aliyemfundisha Jack Daniel kutonesha, huko Tennessee, alikuwa Mmarekani mweusi aliyetumikishwa utumwani, Nathan Green, aliyejulikana kwa jina la Nearest. Kampuni ilikaa zaidi ya karne nzima kabla ya kulitangaza jina lake mbele ya dunia, na ni magazeti ya mwaka 2016 yaliyolifikisha kwa watu wengi. Ukinusa wiski ile ya Tennessee utapata ndizi mbivu, wanywaji wengi huitaja, na mtu wa Kisii hahitaji kuonyeshwa. Ni ndizi iliyoanza kuwa na madoa meusi, siku moja kabla ya kutupwa.

Baada ya kuinywa kavu, bila soda, ilikuja zamu ya kuchanganya, na hapa ubishi ukawaka. Binamu, ambaye Minnesota imemfanya mtakatifu wa mambo haya, hakutaka soda karibu na chupa yake. Baba mdogo aliitaka Stoney Tangawizi. Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo. Tangawizi ina ukali wake wa kooni unaokutana na ukali wa pombe, na sukari yake inaitana na ile iliyoungua ya pipa. Tulitia sehemu moja kwa tatu, na mahindi hayakupotea. Yalirudi nyuma hatua moja, basi. Kola ndiyo inayoyafuta kabisa, na nadhani ndiyo sababu sisi wa bwenini tuliipenda.

Kuchanganya hakukubuniwa kwa ajili ya kuficha. Gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, lilieleza mwaka 1806 kwamba kokteli ni pombe kali, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba, na mpaka leo kinywaji kiitwacho old fashioned ni hivyo tu, kwa bourbon au rai, pamoja na kipande cha ganda la chungwa. Nairobi nako, pale mkahawa wa Carnivore, kilipata umaarufu kinywaji kiitwacho dawa, cha vodka, asali na ndimu, kikiwa na kijiti cha kukorogea asali kidogokidogo unapoendelea kunywa. Vodka haina la kusema, asali ndiyo inayozungumza. Weka bourbon mahali pa vodka, na ghafla kuna mazungumzo ya wawili.

Sisi tulikwenda mbali kidogo na hapo kwa sababu ya nyumba tuliyokuwamo. Jikoni kwa baba mdogo kulikuwa na sufuria ya turungi, chai isiyo na maziwa, iliyobaki tangu asubuhi, ya majani ya Nyamira yenye rangi ya shaba. Mke wa baba mdogo ndiye aliyesema iingie. Tuliipoza mpaka ikawa baridi, tukayeyusha asali vijiko viwili katika chai kidogo tuliyoipasha moto ili isigande chini, tukakamua ndimu moja, tukaimimina yote kwenye jagi na kumalizia na bourbon: sehemu moja ya pombe kwa tatu za chai. Barafu nyingi, na safari hii barafu ya kweli, kwa sababu kinywaji cha namna hii kinahitaji barafu iyeyuke ndani yake. Vipande vya ndimu juu.

Ilikuwa bora kuliko tangawizi, na nasema hivyo nikiwa shabiki wa tangawizi. Ukakasi wa chai na ukakasi wa mwaloni ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo hutajua mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Asali inaziba pengo lililoachwa na pombe iliyopunguzwa. Ndimu inazuia kinywa kisichoke. Bourbon nzuri ukiinywa kavu unasikia jinsi mpishi alivyofikiri. Kwenye jagi lile nilisikia alichokosa, kwa maana kila tulichoongeza kilikuwa na nafasi yake tayari. Tangu hapo nimeshika kanuni yangu: naonja kavu kwanza, kiasi cha kijiko, hata kama nitaichanganya baadaye. Pombe ambayo siwezi kuivumilia kavu kwa kijiko kimoja siichanganyi, kwa sababu najua nataka kuificha nini.

Mama alipita jioni kuleta ndizi. Alisimama mlangoni, akaliangalia jagi, akaangalia nyuso. Binamu alimtengenezea glasi yake ya chai, asali na ndimu bila ya kile kingine, akamkabidhi kwa mikono miwili. Aliinywa yote, akasema ina uchachu kidogo, akauliza kwa nini tumekaa kimya hivyo, maana walevi aliowajua yeye walikuwa na kelele.

Alipokwenda, baba mdogo alirudi kwenye pipa. Alitaka kujua kwa nini lazima mwaloni. Binamu alimweleza kwamba mwaloni mweupe una vitu vinavyoziba mishipa ya mbao, ndiyo maana hauvuji, na ukichomwa hutoa vanila. Baba mdogo akaanza kutaja miti yetu mmoja mmoja. Mkaratusi? Tukacheka: tungeuza dawa ya kifua. Msonobari una utomvu. Mtarakwa una harufu kali, ingawa nilimwambia kuna jini inayotengenezwa Nairobi kwa matunda ya mti huo na inauzwa mpaka ng'ambo. Mvule akautilia shaka mwenyewe. Mparachichi, akasema, mbao yake ni laini lakini tunayo mingi, na hakuna aliyewahi kuujaribu. Binamu alitaka kupinga, kisha akatoa simu yake atafute, na mtandao wa Kebirigo ukawa hautaki.